Ini Lenye Mafuta: Panya wa Maabara Wana Somo Gani kwa Tunduma?

Ini ni kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya mwili wa binadamu. Kwa mtu mzima lina uzito wa takriban kilo 1.5, na makazi yake ni upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Hupokea damu iliyobeba virutubisho kutoka utumboni, huhifadhi sukari, hutengeneza nyongo na protini zinazogandisha damu, na huvunja sumu pamoja na dawa. Licha ya kazi zote hizo, nyama ya ini yenyewe haina neva za maumivu. Zilizopo zimo katika utando unaolifunika. Kwa sababu hiyo ini linaweza kuharibika kwa miaka mingi ilhali mwenye nalo anakula, anafanya kazi na analala bila kuhisi lolote.

Miongoni mwa maradhi yanayojificha katika ukimya huo ni ini kujaa mafuta. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 30 ya watu wazima duniani wana mafuta yaliyozidi kiasi katika ini, na wengi wao hawajui. Jina la zamani la ugonjwa huu lilieleza tu kwamba hautokani na pombe. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini viliupa jina jipya linaloutambulisha kuwa ni ini lenye mafuta linaloambatana na hitilafu za umetaboli, yaani hitilafu katika namna mwili unavyotumia na kuhifadhi nishati. Jina hilo linautaja ugonjwa pamoja na jamaa zake: kitambi, kisukari, shinikizo la juu la damu na lehemu iliyovurugika.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.3 katika Sensa ya mwaka 2022. Wengi ni wakulima wa mahindi, maharage, ulezi na kahawa. Lakini mkoa huo una pia Tunduma, mji wa mpakani ambao ni mlango wa Tanzania kuelekea Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huufikia baada ya zaidi ya kilomita 900, na reli ya TAZARA hupita hapo kabla ya kuingia Nakonde. Malori yenye shehena za Zambia na za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupanga foleni, na pamoja nayo huja madereva na utingo wao, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, wachuuzi na vijana wa bodaboda. Chakula kinachowafaa watu wenye haraka na wasio na jiko ni kile kinachopatikana saa zote: chipsi mayai, kitimoto, nyama choma, maandazi, chapati, na soda ya kuteremshia. Mama lishe wa ugali na maharage wapo pia, ila wengi hufunga mapema kuliko muuza chipsi.

Je, mlo wa namna hiyo, ukirudiwa mwaka baada ya mwaka, hulifanya nini ini? Sehemu kubwa ya jibu imetoka kwa mnyama mdogo anayefugwa maabara.

Panya huyu ni yupi

Watanzania wengi wakisikia habari za panya na sayansi humkumbuka panya buku wa Morogoro, anayefunzwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya anayezungumziwa hapa ni mwingine. Ni mdogo, mwenye uzito wa gramu 20 hadi 30, na ukoo wake unaotumika zaidi hujulikana kwa alama ya C57BL/6. Ukoo huo ulianzishwa mwaka 1921 na Mmarekani Clarence Cook Little, ambaye mwaka 1929 aliasisi maabara ya Jackson katika mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine. Panya wake walizalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi hadi wakawa kama mapacha kwa urithi wao. Faida yake ni kwamba makundi mawili yakilishwa vyakula tofauti, tofauti itakayoonekana haiwezi kusingiziwa damu ya ukoo.

Mwaka 1988 Richard Surwit na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kuwa panya wa ukoo huu, wakilishwa mafuta na sukari kwa wingi, hunenepa na kupata hali inayofanana na kisukari cha ukubwani. Panya wa ukoo mwingine, A/J, walipolishwa chakula kilekile hawakuathirika kwa kiwango hicho. Tangu hapo jaribio hilo limerudiwa na maabara nyingi duniani, na muundo wake ni mwepesi kueleweka. Kundi moja hupewa chakula ambacho asilimia 10 ya nishati yake inatokana na mafuta. Kundi la pili hupewa chakula ambacho asilimia 60 ya nishati yake ni mafuta, mengi yakiwa ya nguruwe na kiasi kidogo ya soya. Wote huachwa wale wanavyotaka kwa wiki 8 hadi 16.

Mwisho wa muda huo, panya wa kundi la pili huwa na uzito wa gramu 40 hadi 50. Sukari na insulini katika damu yao huwa zimepanda. Ini lao, ambalo kwa kawaida ni jekundu lililoiva, huonekana limevimba na kupauka kuelekea unjano. Kipande chake kikitazamwa kwa darubini, seli zake huwa na matundu meupe ya mviringo, kana kwamba zimetobolewa. Matundu hayo ni mahali palipokuwa na matone ya mafuta kabla ya kuyeyushwa na kemikali za maabara. Kwa binadamu, ini huhesabiwa kuwa na mafuta yaliyozidi pale matone ya aina hiyo yanapoonekana katika angalau asilimia 5 ya seli zake.

Mafuta hufikaje ndani ya ini

Ni rahisi kudhani kwamba mafuta ya kikaangio husafiri moja kwa moja hadi kwenye ini na kutuama humo. Sivyo. Mafuta ya chakula, baada ya kusagwa utumboni, huingia katika damu na sehemu kubwa hupelekwa kwenye ghala lake halali: seli za mafuta zilizo chini ya ngozi na ndani ya tumbo. Homoni ya insulini ndiyo inayoliamuru ghala hilo lifunge milango na kutunza akiba. Tatizo huanza pale nishati inapoingia kila siku kuliko inavyotumika. Ghala hujaa, seli zake huacha kuitii insulini, na milango huanza kuvuja. Asidi za mafuta zinazovuja humiminika katika damu, na ini, ambalo hupokea damu nyingi kutoka tumboni, huzipokea na kuzihifadhi kwa shingo upande.

Mambo haya hayahitaji muda mrefu kuanza. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliripoti kwamba panya wakubwa wa maabara waliolishwa mafuta mengi kwa siku 3 tu walikuwa tayari wameanza kujaza mafuta katika ini, na ini hilo lilikuwa limeanza kuwa sugu kwa insulini kabla hata miili yao haijanenepa.

Kwa upande wa binadamu, utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia asili ya mafuta yaliyokutwa katika ini la wagonjwa. Karibu asilimia 59 yalitoka katika asidi za mafuta zinazozunguka katika damu, ambazo hasa huvuja kutoka kwenye ghala la mwili. Asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe kutokana na sukari na wanga, na asilimia 15 pekee yalitoka moja kwa moja katika mafuta ya chakula. Hesabu hii ni muhimu kwa msomaji wa Songwe. Anayeacha nyama yenye mafuta lakini akabaki na soda tatu kwa siku na mlima wa wali hajaliondolea ini mzigo wake, kwa maana robo ya mafuta hayo hupikwa na ini lenyewe kutokana na vitu ambavyo havina tone la mafuta.

Mafuta yakishakaa ndani ya seli, si lazima yadhuru mara moja. Watu wengi hubaki katika hatua hiyo kwa miaka. Kwa baadhi, hata hivyo, seli zilizolemewa huanza kuzalisha kemikali kali na kufa. Seli za ulinzi zilizomo katika ini huamka na kuita nyingine kutoka katika damu. Hali hiyo ndiyo mchochota. Kisha seli zenye umbo la nyota, ambazo katika siku za amani kazi yake ni kuhifadhi vitamini A, hugeuka na kuanza kufuma nyuzi za kovu. Kovu likitapakaa, ini hukakamaa na kusinyaa, damu hushindwa kupita vizuri, tumbo hujaa maji, mishipa ya koo la chakula huvimba na inaweza kupasuka, na saratani ya ini hupata nafasi. Mwaka 1980 daktari Jürgen Ludwig wa Kliniki ya Mayo nchini Marekani alieleza wagonjwa 20 ambao maini yao yalifanana na ya walevi, ilhali hawakuwa walevi. Maelezo yake ndiyo yaliyoufanya ugonjwa huu utambuliwe rasmi katika tiba.

Saa ya kula

Panya wa maabara wamefunua jambo jingine linalougusa mji usiolala. Panya kwa asili ni mnyama wa usiku: hula gizani na kupumzika mchana. Akipewa chakula chenye mafuta mengi hupoteza ratiba hiyo na kuanza kudonoa mchana na usiku. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Salk iliyoko California, wakiongozwa na Satchidananda Panda, waligawa panya wenye chakula kilekile cha mafuta katika makundi mawili. Kundi moja liliweza kula saa yoyote. Jingine lilifunguliwa chakula kwa saa 8 tu, katika wakati wao wa kawaida wa kula. Makundi yote mawili yalikula kiasi sawa cha nishati. Hata hivyo, kundi lililokula kwa saa 8 lilinenepa kidogo zaidi ya panya wa kawaida, na ini lake liliepuka sehemu kubwa ya mafuta na mchochota.

Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ini lina saa yake. Kuna muda wa kupokea na kuhifadhi, na kuna muda wa kufunga na kuchoma akiba. Anayekula mfululizo hulinyima ini zamu ya pili. Dereva anayekula chipsi saa nne usiku, akasukuma kilo za barabara kwa soda na biskuti, kisha akala supu na chapati alfajiri, anafanana na yule panya wa kundi la kwanza.

Mfanano huo, hata hivyo, usichukuliwe kuwa ni uthibitisho. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Guangzhou, China, kwa watu 139 wenye unene uliokithiri. Wote walipunguziwa chakula kwa miezi 12, ila nusu yao waliruhusiwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni pekee. Makundi yote mawili yalipungua uzito, na tofauti baina yao haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha faida ya ziada ya saa. Kwa binadamu, basi, kiasi cha chakula bado ndicho msingi. Faida ya kufunga jiko mapema huenda ikawa kwamba anayefanya hivyo hula kidogo.

Pale panya anapoishia

Tofauti hiyo inadai kutazamwa mipaka ya ushahidi wa panya. Mpaka wa kwanza ni chakula chenyewe. Mtu anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku angehitaji kula takriban gramu 133 za mafuta ili asilimia 60 ya nishati yake itokane nayo. Hicho ni zaidi ya nusu ya glasi ya robo lita, kila siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mafuta yasizidi asilimia 30 ya nishati ya mtu mzima. Walaji wengi wa Tunduma wako mbali na chakula cha panya wa maabara, ingawa sahani ya chipsi mayai iliyoogeleshwa katika mafuta huwasogeza huko.

Mpaka wa pili ni kovu. Panya aliyelishwa mafuta pekee hupata ini lenye mafuta, lakini mara nyingi makovu yake huwa madogo hata baada ya miezi. Ili kumfikisha katika hatua za mbele, watafiti humwongezea sukari ya matunda na lehemu. Njia nyingine ni kumnyima kirutubisho kiitwacho kolini pamoja na baadhi ya protini. Hapo makovu hutokea upesi, lakini panya hukonda, jambo ambalo ni kinyume na mgonjwa wa kawaida mwenye kitambi. Hata joto la chumba lina athari. Mwaka 2017 watafiti wa Cincinnati walionyesha kwamba panya waliofugwa katika nyuzijoto 30, ambazo ndizo zinazoufaa mwili wao, walipata ugonjwa mkali wa ini kuliko wenzao waliofugwa katika nyuzijoto 22 za maabara nyingi.

Mpaka wa tatu ni urithi. Panya wa ukoo mmoja ni mapacha. Binadamu si hivyo. Uchunguzi uliofanyika Dallas na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta mafuta ya ini kwa asilimia 45 ya Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, asilimia 33 ya Wazungu na asilimia 24 ya Wamarekani weusi. Mwaka 2008 watafiti wa mji huohuo walitambua badiliko la jeni iitwayo PNPLA3 linaloeleza sehemu ya tofauti hiyo, na badiliko hilo ni adimu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Msomaji asilichukulie hilo kuwa kinga. Mtu mmoja kati ya wanne si idadi ndogo, na kisukari hakisubiri ruhusa ya jeni.

Ushahidi kutoka Kilimanjaro

Kwa bahati njema, Tanzania ina jaribio lake lenyewe, tena lililofanyika kwa watu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KCMC mjini Moshi wakishirikiana na wa Radboud, Uholanzi, waliwaalika wanaume 77 wenye afya. Wa vijijini, waliozoea vyakula vya asili ya Kilimanjaro kama mboga za majani, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walibadilishiwa kwa wiki 2 wakapewa vyakula vya kisasa vilivyosindikwa na kukaangwa. Baadhi ya wa mjini walipewa vyakula vya asili kwa muda kama huo. Kundi jingine liliongezewa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki 1.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine, yalionyesha kwamba waliohamia vyakula vya kisasa walipandisha viashiria vya mchochota katika damu, na seli zao za kinga zilipunguza nguvu ya kukabili vimelea. Waliohamia vyakula vya asili walielekea upande ulio kinyume, na baadhi ya mabadiliko yaliendelea kuonekana wiki 4 baadaye. Utafiti huo haukuwa wa kupima mafuta ya ini, na wiki 2 ni muda mfupi. Lakini unaonyesha, kwa Watanzania hai na si kwa panya, kwamba mwili huanza kubadilika mapema, mchochota ukiwa wa kwanza, na kwamba njia ya kurudi ipo.

Songwe haina haja ya kuagiza chakula cha Kilimanjaro. Ugali wa dona, ulezi, maharage ya Mbozi, kande, mboga za majani na karanga kwa kiasi ni vyakula vya jamii ileile: vyenye nyuzinyuzi nyingi, visivyokaangwa, na vinavyoshibisha kabla havijazidi.

Ini hurudi, ila si wakati wote

Panya walionenepeshwa kwa mafuta, wakirudishwa kwenye chakula cha kawaida, hupoteza sehemu kubwa ya mafuta ya ini katika wiki chache. Kwa binadamu ushahidi wenye uzito ulitoka Kuba mwaka 2015. Wagonjwa 293 waliokuwa tayari na mchochota wa ini walifuata mpango wa chakula na mazoezi kwa wiki 52, na maini yao yakachunguzwa tena kwa kukatwa kipande. Kati ya waliopunguza asilimia 10 au zaidi ya uzito wao, mchochota uliisha kwa asilimia 90, na makovu yalirudi nyuma kwa asilimia 45. Ni haki kusema pia kwamba waliofikia kiwango hicho walikuwa takriban 1 kati ya 10. Waliopunguza asilimia 5 nao walinufaika, ingawa kwa kiasi kidogo.

Dawa zimeanza kupatikana. Resmetiromu, iliyoidhinishwa Marekani Machi 2024, ilikuwa ya kwanza kuidhinishwa huko mahususi kwa hatua ya mchochota na makovu, nayo hutolewa pamoja na mabadiliko ya mlo na mazoezi. Ini lililokwisha kusinyaa ni jambo jingine. Hapo tiba hulenga kuzuia madhara, na urejeo kamili ni mgumu kutarajiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kwa ini, ukuta huo mara nyingi ni upandikizaji, ambao wagonjwa wengi wa nchi zetu hawaufikii.

Hatari zinazokutana

Panya wa maabara hufugwa wakiwa safi: hana virusi vya homa ya ini, halewi, na hali mahindi yenye ukungu. Mkazi wa Songwe anaweza kukutana na vyote vitatu. Virusi vya homa ya ini aina ya B bado ni sababu kuu ya kusinyaa kwa ini na ya saratani ya ini barani Afrika. Sumukuvu, inayozalishwa na ukungu katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, huongeza hatari ya saratani hiyo, hasa kwa mwenye virusi vya aina ya B. Pombe, iwe ya kiwandani au ya kienyeji, huongeza kovu juu ya kovu. Mafuta ya ini yakiingia juu ya hayo, mizigo hujumlishwa katika kiungo kimoja. Kwa hiyo mtu asihitimishe kwamba ini lake lina mafuta tu kabla hajapimwa homa ya ini aina ya B, ambayo ina kipimo chake na, kwa asiyeambukizwa, ina chanjo.

La kufanya

Wanaopaswa kufikiriwa kwanza ni wenye kisukari, wenye shinikizo la juu la damu, na wenye kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke. Utepe wa fundi cherehani unatosha kuanza. Kipimo cha ultrasaundi huonyesha mafuta yakiwa yameshakuwa mengi, na kinaweza kuyakosa yakiwa machache. Vimeng'enya vya ini katika damu vinaweza kuwa vya kawaida hata pale ugonjwa upo, hivyo jibu zuri la vimeng'enya pekee lisimtulize mtu kupita kiasi.

Swali kubwa zaidi kwa daktari ni kama makovu yameanza. Ipo hesabu rahisi iitwayo FIB-4, inayotumia umri wa mgonjwa, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani za damu. Vipimo hivyo hufanyika katika hospitali nyingi. Jibu lililo chini ya 1.3 huashiria uwezekano mdogo wa makovu makubwa. Lililo juu ya 2.67 hudai mgonjwa aonwe na mtaalamu, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kwa aliyevuka miaka 65 kiwango cha chini hupandishwa hadi 2.0. Macho yakiwa ya manjano, tumbo likijaa maji, miguu ikivimba au mtu akitapika damu, asisubiri zamu ya kliniki. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Dawa za kusafisha ini zinazonadiwa katika stendi na masoko hazina nafasi katika orodha hii. Hakuna inayothibitishwa kuondoa mafuta ya ini, na baadhi ya mitishamba inajulikana kuliumiza ini lenyewe, ambalo ndilo linalopaswa kuivunja.

Kwa mlaji wa mjini, mabadiliko yenye maana ni ya kawaida: maji badala ya soda, nyama ya kuchoma iliyoondolewa shahamu badala ya kukaanga, nusu ya chipsi na kachumbari nyingi, na mlo wa mwisho kuwa mapema kadiri safari inavyoruhusu. Kwa mama lishe na muuza chipsi, kutokaangia mafuta yaleyale siku baada ya siku ni huduma kwa mteja, kwa kuwa mafuta yaliyochemshwa mara nyingi huharibika na kuzaa kemikali zenye madhara. Hata kahawa ya Mbozi ina nafasi. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba wanywaji wa kahawa huwa na makovu machache ya ini, japo haujathibitisha kuwa kahawa ndiyo sababu. Sehemu kubwa ya kahawa ya nchi huuzwa nje. Kikombe kimoja au viwili vinavyobaki nyumbani, pasipo vijiko vinne vya sukari, havina hasara kwa mtu mwenye afya.

Mamlaka za afya za mpakani nazo zina fursa ambayo miji mingi haina. Dereva anayesubiri karatasi za forodha ana muda, na maegesho ya malori ni mahali panapofaa kwa mizani, utepe wa kiuno, kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari. Dereva mwenye kilo 90 haambiwi arudi katika umbo la ujana wake. Kilo 4.5 zikipungua, mafuta ya ini huanza kupungua; zikifika kati ya 6 na 9, mchochota nao una nafasi nzuri ya kutulia. Hesabu hiyo inaweza kufanywa papo hapo kwenye foleni, na kuandikwa kwenye kadi atakayokwenda nayo Lusaka na kurudi nayo.